Mfaransa wa Lango la Makaburi

Shamba la Hvammur,
Selvík, Iceland.
2 Septemba 1909.

Mpendwa mdogo wangu Ásmundur,

Salamu nyingi zikufikie huko Manitoba, wewe na wote wa nyumbani mwako. Hujambo? Kile kikohozi ulichokitaja wakati wa Pasaka kimekwisha, au bado unakipuuza kama ulivyozoea? Sisi tu wazima, isipokuwa Mama. Miguu imevimba, pumzi ni fupi, na chakula chake sasa ni kahawa na kipande cha mkate wa kuchovya. Mchungaji Bergur anasema huenda asiione theluji. Ulimi wake lakini haujaugua hata siku moja.

Nyasi za mwaka huu zimekauka vizuri, ng'ombe hawatalala njaa.

Sasa habari za makaburi, maana najua ukipata barua yangu unatafuta uvumi kwanza. Mto umeyala yale ya zamani upande wote wa kusini, kwa hiyo mwaka jana kanisa lilifungua mapya kule juu kilimani, peke yake, mbali na nyumba zote. Ukuta wa mawe upo, lango lipo. Mwaka ukaisha bila mtu hata mmoja kukubali kufa.

Usicheke. Unakumbuka tulivyoambiwa utotoni: anayezikwa wa kwanza haozi. Hukaa macho langoni mpaka mwisho wa dunia, akiwapokea wote wanaomfuata. Ndiye mkeshaji. Mzee Hjálmar, jirani yetu, aliposhikwa na homa ya mapafu aliomba apakiwe juu ya farasi, avushwe mlima, akafie kwa binti yake ambako makaburi yana mkeshaji tangu zamani. Kufika huko akapona. Amerudi, na haya hana.

Mwezi wa Aprili bahari ikatuletea maiti ya mvuvi wa Kifaransa. Jina hakuna, ila sweta ya buluu na medali shingoni. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Sijapata kuona mazishi yenye furaha namna ile. Hjálmar alitoa mbao za jeneza, zile alizokuwa amejiwekea mwenyewe. Wanaume waligombania kulibeba. Baadaye tulikunywa kahawa mpaka birika likakauka, na mimi nilikuwamo.

Haukupita mwezi, maneno yakaanza. Halla, mke wa Hjálmar, anaapa alimwona mtu kichwa wazi langoni, mchana kweupe, akimsemesha kwa maneno asiyoyaelewa. Kondoo hawaisogelei nyasi ya pale ingawa ndiyo nzuri kuliko zote. Na kamba ya lango mara kwa mara hukutwa imefungwa fundo ambalo hakuna mtu wa hapa anayelijua. Habari ya kondoo nimeipatia jibu: mbwa wa Hjálmar analala nyuma ya ukuta. Habari ya Halla namwachia Halla. Lile fundo nimelifungua kwa mikono yangu, mimi niliyefunga mizigo ya nyasi miaka arobaini, na mpaka leo sijui lilivyofungwa.

Unanijua, siwezi kuacha jambo bila kulichungulia. Jumanne asubuhi nilipanda na fyekeo, nikijifanya naenda kukata nyasi. Nikamkuta Mama! Nilikuwa nimemwacha kitandani. Amekaa juu ya jiwe kando ya kaburi la yule Mfaransa, kikombe cha kahawa amekiweka juu ya udongo, anaongea.

“Mama! Umefikaje huku?”

“Kwa miguu. Ulidhani nimeruka?”

“Na unaongea na nani?”

“Na huyu. Nimemwuliza jina mara tatu, hanielewi.” Akanikazia macho. “Mlifurahi sana kumpata, eti? Mmemweka mtu mlangoni, na hata neno la kumwambia hamna!”

Nikataka kumtania. “Kumbe unaogopa hatakukaribisha.”

“Mimi? Mimi ni wa hapa, nitaingia hata nisipokaribishwa. Namwonea huruma yeye. Kila atakayekuja atampita kama gogo.” Akavuta pumzi. “Ásmundur naye atazikwa kati ya watu wa mkewe. Siku hiyo ningependa wamwambie nini? Basi hilohilo ndilo nataka kumwambia huyu.”

Mdogo wangu, niliona aibu, aibu ya kweli, nikikumbuka ile kahawa ya mazishi. Nikambeba Mama mgongoni mpaka nyumbani. Ni mwepesi mno siku hizi.

Kwa hiyo nina ombi, na ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu. Mchungaji anajua Kidenmaki na Kilatini, Kifaransa hajui. Mkeo Clémence amezaliwa nacho. Mwulize kwao mama humwambiaje kijana aliyechoka: “Nenda kalale, mwanangu, sasa nitakesha mimi.” Ndivyo Mama alivyoamua. Amesema akifika atamtuma yule kijana akapumzike, na zamu aishike yeye. Nilipomwambia kwamba mkeshaji habadilishwi, alinijibu kwamba hakuna aliyewahi kumwuliza huyo mkeshaji.

Andika maneno hayo kama yanavyotamkwa, kwa herufi kubwa, maana macho yake yamefifia. Anataka kuyajifunza kwa moyo. Na ufanye haraka. Barua yako ikimkuta ameshatangulia, nimemwahidi nitapanda kilimani, nisimame kati ya makaburi yale mawili, niyasome kwa sauti.

Msalimie sana Clémence, na watoto wako Émile na Rósa. Hjálmar na Halla wanakusalimu. Mama anasema salamu zake usiziulizie, atazituma kwa njia yake. Mungu akutunze huko uliko, na asikukosesheni mtu wa kuwafungulia mlango.

Ni mimi dada yako, akupendaye tangu ulipokuwa unatambaa,

Steinvör