Karibu Iliyofika Mahakamani

Deir Hamra, 12 Oktoba 2006

Rudaina mpenzi,

Hujambo mwanangu? Huku tu wazima, ila goti la baba yako linamsumbua naye ananisumbua mimi. Huko Leiden unakula, au ni kahawa tu na vitabu vya sheria?

Kesi ya uzio wa jeshi uliotutenga na shamba letu imefika Mahakama Kuu yao ya Jerusalem. Wakili Nasib anasema tusichoke. Kuingia shamba la marehemu babu yako bado kwa kibali, na lango hufunguliwa asubuhi na jioni tu. Askari akichelewa, sisi na punda wetu tunatazamana.

Juzi alikuja mpima ardhi wa serikali kuona uzio ulivyopita. Kijana mpole, jasho linamtiririka, nikampa chai. Akautazama ule mzeituni mkubwa wa kisimani, akasema, "Mama, mti mzuri huu!" Nikamjibu, "Ni wako, na shamba lote ni lako." Ulitaka nisemeje? Mgeni asifu kitu changu ninyamaze, watu waseme mimi Wadha sikulelewa?

Mamako


Leiden, 2 Novemba 2006

Mama mpenzi,

Shikamoo. Mimi mzima, baridi tu. Goti la baba limepoa?

Mama, umenimaliza! Nasib amenitumia majibu ya wakili wa serikali. Yameandikwa kwamba mwenye shamba mwenyewe, mbele ya afisa, alitamka kuwa ardhi ile si yake tena. Ni ile chai yako!

Majaji wa The Hague, mwendo mfupi wa treni kutoka kwangu, walishasema miaka miwili iliyopita kwamba kujenga ukuta ndani ya ardhi inayokaliwa kimabavu ni kuvunja sheria ya mataifa, na ubomolewe. Lakini hao wa Jerusalem wanauliza jambo dogo zaidi: je, uzio unamuumiza mkulima kupita kiasi? Ulitakiwa useme tu kwamba shamba ni lako na ndilo linalokulisha. Wewe umeligawa pamoja na sukari! Mgeni mwingine akilisifu, mwambie ahsante, basi.

Mwanao


Deir Hamra, 20 Januari 2007

Rudaina,

Salaam. Wazima sote. Umeona kimya changu. Nilinuna. Wewe wa kunifundisha mimi kupokea wageni? Baba yako alicheka mpaka nikamnyima kahawa.

Sasa sina hata nguvu ya kununa. Naogopa, mwanangu. Nikilipoteza shamba la baba yangu kwa mdomo wangu huu, nitaishije? Nasib anataka niape kwamba sikusema. Hakuna shahidi, anasema, ni neno langu na la yule mpima ardhi. Nimemkatalia. Nilisema, na kijana yule akija kesho nitasema tena. Umekasirika?

Mamako


Leiden, 6 Februari 2007

Mama,

Shikamoo. Sijakasirika, nimeona haya. Nisamehe kwa maneno ya sukari. Usikane kitu. Nimemwandikia Nasib kwamba akuache uzungumze mwenyewe, uwaeleze kwetu mgeni hupokewa vipi. Na uvae lile gauni lako la tarizi nyekundu.

Mwanao anayekuombea


Deir Hamra, 28 Oktoba 2007

Rudaina wangu,

Hujambo, kipenzi cha mama? Sisi wazima, mikono yetu imejaa mafuta mapya ya zeituni, baba yako anachovya mkate tangu asubuhi kana kwamba aliachishwa kula.

Kwenye simu hukunisikia vizuri, acha nikueleze tena nifaidi. Jaji aliniuliza, "Ulimpa shamba?" Nikasema, "Nilimpa." Nasib akajishika kichwa. "Naye akalichukua?" Nikasema, "Angelichukuaje? Mtu aliyelelewa hujibu 'Mungu akuwekee', naye alijibu hivyo hivyo. Si huyo hapo, muulizeni!" Kijana akasimama, masikio mekundu. Wakili wa serikali anamkodolea macho. Akasema, "Ni kweli, nilijibu hivyo. Bibi yangu alitoka Baghdad, alitulea kwa desturi hizi hizi. Nisingejibu hivyo angenichapa." Watu wakaangua kicheko, na jaji akainamisha kichwa kuficha tabasamu.

Hukumu unaijua: uzio usogezwe hadi ng'ambo ya kisima, shamba letu libaki upande wa kijiji. Umesogezwa, haujaondoka. Shamba la jirani yetu Mama Jabir bado liko ng'ambo, na Nasib amemfungulia kesi yake. Hao majaji wako wa The Hague, wa karibu kwa treni, waambie bado tunawasubiri.

Mavuno tulimaliza juzi. Jana saa sita mchana, saa ambayo zamani lango lilikuwa limefungwa, niliacha maharage jikoni nikashika njia ya shambani. Baba yako akaita, "Unaenda kufanya nini? Zeituni zimeisha!" Nikamjibu, "Sina cha kufanya." Nikafika, nikakaa chini. Hakuna aliyeniuliza kibali. Nikalia kidogo, mwanangu, kisha nikajinyoosha nikalala usingizi mpaka alasiri. Niliporudi maharage yalikuwa yameungua, tukayala hivyo hivyo.

Mamako