Shingo ya Baba

Handeni Mjini

Dada Tatu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima huko Mnyuzi, wewe na shemeji Awadhi na watoto, na mpunga wenu uwe umesimama tena baada ya mvua zile. Huku tunaamka na kula. Zaidi ya hapo siwezi kukwambia kuwa hatujambo, na ndiyo sababu ninaandika. Simu imenishinda, kwa kuwa nyumba yetu unaijua: baba akiwa chumbani anasikia hata sufuria ikifunikwa. Barua nimempa Ikram, anayekuja kwa shangazi yake. Tafadhali isome mpaka mwisho kabla hujafanya lolote.

Ulipoona picha tuliyopiga siku ya Idi uliuliza shingo ya baba imepatwa na nini, nami nikacheka, nikasema ni kazi ya mkono wangu. Wakati ule niliamini hivyo.

Ilianza kabla ya Ramadhani. Baba alisema haendi tena kwa Ernesti, yule kinyozi wa sokoni tunayemjua tangu tukiwa wadogo. Alisema bodaboda zinamvunja mgongo na Ernesti ana maneno mengi. Akatoa wembe wake wa kukunja, ule aliouacha mikono ilipoanza kumtetemeka, akaniambia kuanzia sasa nitamnyoa mimi, kila Ijumaa kabla ya msikiti. Nilipotaja mashine alinijibu kuwa yeye si kondoo.

Dada, mimi nimechinja mbuzi wengi na mkono haukuwahi kunicheza. Lakini kuinamia koo la baba yako na chuma kile ni jambo jingine. Mshipa unauona unapiga. Wembe unakata kabla mkono haujajua. Nilikuwa nabana pumzi mpaka masikio yanavuma, na kwa woga nilikuwa napita mahali pamoja mara nyingi, kidogo kidogo, nikidhani ndiyo usalama. Baba aliniuliza kama nanyoa au napalilia. Mzee Abdi wa jirani alipopita kumsalimu, baba alimwambia kijana wake ana bidii sana, bado kidogo atafika kwenye mfupa.

Shingo ikawaka. Vipele vyekundu toka kidevuni hadi kwenye kola, vingine na usaha. Mimi nikapaka spiriti na limau, vikazidi. Nilitaka kuacha, baba akakataa. Kila aliyeuliza alimjibu vilevile, kwa sauti ya kusikika: Semboja anajifunza, mvumilieni. Niliona ni wema wake.

Mwisho nilikwenda kwa Ernesti kimyakimya. Hakunicheka. Aliuliza kwanza ninatumia maji gani. Nikamwambia ya kisima, kikombe kimoja, maana unajua mwaka huu madumu yanavyogombewa. Akasema hapo ndipo kosa lilipoanza: maji yetu ya kisima yana chumvi, sabuni haitoi povu humo, kwa hiyo nilikuwa namkwangua mzee wa watu, simnyoi. Akaniagiza nitumie maji ya mvua yaliyobaki kwenye pipa, niyapashe moto, nimkandie taulo mpaka ndevu zilegee, na povu nilipe muda likae. Wembe niupitishe kwenye mkanda wa ngozi kila mara kabla ya kuanza, na usoni niulaze, nisiusimamishe. Nifuate ndevu zinakolala. Akanishika kidole akakipitisha shingoni mwake mwenyewe nione kuwa chini ya koromeo ndevu zinaelekea juu. Mkono wa pili uvute ngozi ikazike, wala nisirudie mahali palipokauka. Nikimaliza, maji baridi na jiwe la shabu la kufunga ngozi, mara moja. Limau nikatie samaki.

Nilifanya hivyo. Vipele vikaanza kupungua, Ijumaa hadi Ijumaa, mpaka shingo ikawa laini. Kasoro kimoja, chini ya sikio la kushoto, nyuma ya taya. Nilikiona kama unywele uliogeuka ukaota ndani. Baba alikuwa ananiambia nipite pembeni, hapo wembe wangu ulimuuma vibaya.

Siku moja nilipovuta ngozi niliona kuwa ngozi inasogea na kile hakisogei. Hakikuwa kwenye ngozi. Kilikuwa chini yake, kigumu, mfano wa punje ya hindi. Baada ya Ijumaa chache kilikuwa kama korosho. Niliuliza kama kinauma, akasema hapana, endelea.

Nikarudi kwa Ernesti kuuliza dawa ya kipele kisichokauka. Alikuwa na mteja, akazima mashine katikati ya kichwa cha yule mtu. Akaniuliza kama kile kitu bado kipo. Sikumwelewa. Ndipo aliponieleza kwamba alikigusa yeye mwenyewe, zamani, kabla mimi sijashika wembe, akamsihi baba aende hospitali. Baba alijifuta povu kwa mkono wake, akatoka na shavu moja limenyolewa, na hakukanyaga tena pale.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Ijumaa ile niliandaa kila kitu, nikamkandia taulo, kisha nikauweka wembe chini nikamuuliza. Akasema anajua. Alikipata akitia udhu. Akasema Ernesti anazijua ngozi za watu, mimi nilikuwa sijui kitu, na ndiyo maana alinichagua: alitaka mkono wa kusingizia. Vipele vyangu vilikuwa pazia lake, nami kwa kujifunza vizuri nimelifunua.

Sijawahi kumwona baba anaogopa. Sasa nimemwona. Alikuwa ameshika ukingo wa kigoda alichokalia kwa mikono yote miwili. Alisema mama aliingia hospitali kwa miguu yake akatolewa kwenye shuka, naye hataki safari hiyo. Aliniapisha kwa jina la mama nisikwambie, maana wewe hakuwahi kuweza kukukatalia. Akasema siku akikuona mlangoni atajua nani amesema, na mkono wangu hautagusa uso wake tena.

Nimeapa, na sasa nimevunja. Mimi si daktari. Huenda ni kitu cha kutolewa kikaisha. Lakini Ijumaa iliyopita alishindwa kugeuza shingo ili nimalize upande ule, na sauti yake imeanza kukwaruza. Nikilala nakihisi kile kitu kwenye ncha za vidole vyangu.

Njoo Alhamisi. Usijifanye umepita tu, wala usimtafutie uongo wa kunikinga. Akiuliza nani kakwambia, mwambie ni Semboja. Atanifukuza mbele ya kigoda, na iwe hivyo. Kunyoa atamnyoa Ernesti. Kumpandisha gari la hospitali ni wewe peke yako unayeweza.

Mpe salamu shemeji Awadhi, na Maryamu umwambie babu yake anamtaja. Mungu akufikishe salama.

Mdogo wako,
Semboja Mhina