Jicho Jipya la Mashua ya Shemeji

Jumamosi. Baridi imekaa hapa mtaani Jamhuri kama mgeni asiyejua kuaga. Lakini mimi niko sawa. Niko sawa hadi naona haya kidogo.

Jana Ochieng', kaka ya mke wangu, alikuja kutoka Naivasha na mota ndogo ya mashua begani. Yeye hupeleka wageni kuvua ziwani, na mashine yake ya kutafutia samaki ilikuwa imepofuka. Skrini nyeupe pee. Wageni wa leo walikuwa wamemwonya: safari iliyopita walizunguka bure, wakizungushwa tena watahamia mashua nyingine.

Kilichokufa ni kile kidude cha chini ya mota, kinachopiga sauti majini na kuisikiliza ikirudi. Kwenye maduka ya River Road, nilikonunua kipya, wanakiita jicho. Ni sikio, lakini nani atabishana na River Road?

Kazi hii sikusomea. Nimefungua redio nyingi maishani, na baadhi zikafungika tena.

Kosa lilijionyesha lenyewe. Waya ulikuwa umekazwa juu hadi chini, kama mzigo wa ushago juu ya basi. Mota ikigeuka, waya hauna pa kwenda. Ukakatika.

"Nani alifunga hivi?"

"Shemeji, mimi sifungangi kitu legelege."

"Ndiyo shida."

Kwenye karai jicho jipya halikusoma chochote, linataka kina. Nikalipeleka kwenye tangi la maji la wapangaji wote wa ploti. Mama Mutua, msimamizi wetu, akasimama juu ya mfuniko.

"Kitu ya ziwa kwa maji yangu ya chai? Wee!"

"Ni mpya, mama. Nimeiosha na sabuni."

"Na ikipata samaki?"

"Ni wako."

Akasogea.

Kina cha tangi kikatokea kwenye skrini. Na samaki mmoja. Mama Mutua akanikazia macho. Nikamweleza kwamba mashine hii huchora samaki hata ikiona takataka.

Hilo halikumtuliza. Leo tangi linaoshwa, na ploti nzima inajua ni kwa sababu ya nani.

Basi nikalifunga jicho chini ya mota, likitazama chini wima, nikauachia waya kitanzi pale shingoni. Waya ni kama shemeji: mpe nafasi ya kugeuka.

Leo asubuhi nimejifanya nasoma gazeti. Nilikuwa nasubiri simu ya Ochieng' kutoka ziwani.

Imelia mchana. "Shemeji! Wanaonekana! Wamejaa huku chini kama soko!"

"Wageni wameshika wangapi?"

"Hakuna. Samaki wamekataa chambo."

Nikaweka gazeti chini. "Kwa hivyo wanaondoka?"

"Waondoke wapi? Wamemwona mmoja mkubwa kwa skrini. Nimewaambia turudi tule, wamekataa. Wanasema nisiguse mota mpaka huyo apatikane."

Nimecheka hadi mke wangu akatoka jikoni kuangalia kama ni mimi.

Kesho Jumapili. Sifungui kitu chochote chenye skrubu.