Kiti cha Nyuma cha Gari la Mkonge

Jumamosi, 2 Agosti 1986
Nimepiga msasa mlango wa kushoto tena. Vumbi la hapa kwetu Malili halina adabu, linaingia kwenye rangi kabla haijakauka. Gari limekaribia kuisha. Chini ni chesisi na injini ya gari kuukuu. Juu ni mwigo wa gari la mbio la Kizungu nililoliona gazetini nikaugua kwa kulitamani. Faiba ya dukani, ya kuundia bodi, sikuipata. Kina mama wa mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi cha jirani yangu, Mama Ndunge, walinisukia mikeka ya mkonge, nikaipaka gundi, ikawa bodi. Mwethya hailipwi, mwenye kazi hupika, basi. Wao waliomba kitu kimoja tu: kiti cha nyuma, niwe nawapeleka kanisani. Nimeshakichomelea.

Jumanne, 5 Agosti
Nairobi, kujiandikisha kwa autokrosi, mbio za magari za uwanja wa vumbi. Klasi ya magari ya kawaida: hapana, bodi haikutoka kiwandani. Klasi ya spoti ndogo: injini sawa, uzito sawa, lakini viti viwili tu. Hiyo ndiyo yangu. Hao ningewashinda, nawajua. Iliyobaki ni klasi huria, ya mijitu yenye injini mara mbili ya yangu. Karani anataka jibu Ijumaa. Nimerudi na hasira.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimeazima msumeno wa chuma. Ni kiti tu, nilijiambia. Mama Ndunge akapita na mtungi wa maji mgongoni, mkanda kwenye paji. Akauona msumeno. Nikamweleza habari za klasi, macho chini.

"Wewe kata tu, kijana yangu," akasema. "Sisi miguu imezoea."

Hana kinyongo. Afadhali angenitukana. Kanisa liko ng'ambo ya reli na goti lake ni bovu. Sikukata. Usingizi nao hauji.

Ijumaa, 8 Agosti
Nimempigia karani simu kutoka posta. Klasi huria. Mke wangu Mbithe anasema nimerogwa. Huenda.

Jumamosi, 16 Agosti
Wa mwisho. Mwisho kabisa. Vumbi lao nimelila lote. Jamaa mmoja akaniambia katika spoti ndogo ningebeba kikombe. Kana kwamba sijui. Nililia kidogo ndani ya helmeti. Mawe yalipiga bodi kutwa nzima, haikupasuka popote.

Jumapili, 17 Agosti
Nimeosha gari mapema. Safari tatu kanisani, watatu watatu. Mama Ndunge alikataa kiti cha mbele. Alikaa nyuma, akauliza kama nilishinda. Nikamwambia hapana. Akapapasa ubavu wa ndani, ambako sikupaka rangi, akitafuta mahali aliposuka yeye. Akapapata. Aliweka kiganja hapo mpaka tukavuka reli. Nimeendesha polepole.