Nyoka Yako Ilikula, Faida

Faida mwanangu,

Nyoka yako ilikula juzi. Nilitaka wewe ujue wa kwanza, ndiyo maana nimekamata kalamu, mimi ambaye hata barua za kanisa naombaga bengine baniandikie.

Mama mudogo wako aliileta kutoka kwake Swima siku ine nyuma ya maziko yako, pamoja na vitu vyako: begi yako ya nguo, viatu, na ile bidon ya njano, dumu la mafuta uliyoitoboa matundu, nyoka ndani. Nilimuambia aitupe porini. Akanijibu, "Dada, homa ilipozidi aliniuliza kitu kimoja tu: mama ataikubali?" Niliingiza bidon ndani ya nyumba.

Unajua namna niliogopa. Siku uliyoiokota nyuma ya depo ya muchele, bantu bako na fimbo tayari, ulikuja nayo imejizungusha kwenye mukono kama bangili, unacheka: "Mama, haina sumu. Inakulaka panya tu." Nikakuambia uchague, mimi ao nyoka. Ukawaza ni mchezo. Haikuwa mchezo. Ukaenda kwa mama mudogo, na mimi nikasema atarudi akichoka. Ulipiga simu mara mbili. Niliona jina lako, nikaacha ilie. Malaria haikungoja mara ya tatu. Nilifika Swima bamekwisha kukuosha.

Basi nikaanza kuilisha bila kujua kitu. Niliipa ndagala, zile samaki ndogo nzuri ninazouza sokoni. Haikugusa. Nikaipa tonge la fufu ya muhogo, usinicheke. Nikaipa yai. Ilijificha chini ya kipande cha kitenge chako, haikutoka. Kisha ngozi yake ikapauka, macho ikakuwa nyeupe kama ya muzee kipofu. Nikasema: inamulilia Faida. Nilikaa kando ya bidon nikalia nayo. Kweli, ile siku nilisikia afadhali kidogo. Tulikuwa wawili tu katika hii nyumba, wewe na mimi. Nani mwingine angelia na mimi?

Nilipomupigia mama mudogo, akasema polepole: "Dada, hailii. Inabadilisha ngozi. Faida alinionyesha. Macho ikikuwa vile haione vizuri, haikule, inaogopa. Iache, iwekee maji tu."

Nilimukatia simu. Niliikasirikia nyoka, Faida. Nilitaka ikuomboleze.

Lakini maji niliweka. Zilipita siku, nikakuta ngozi imelala ndani ya bidon, nzima, nyepesi kama ganda la kitunguu, na nyoka inang'aa, macho safi. Halafu juzi panya akaanguka kwenye ndoo ya unga. Nilimuingiza ndani ya bidon. Nyoka ikatulia sana, mpaka nikawaza imekataa tena. Ikamukamata mara moja, ikamuzunguka, ikamumeza kuanzia kichwa. Niligeuka kukuita uje kuona. Jina lako lilikuwa limekwisha kutoka kinywani. Nikapiga magoti pale pale chini, na ndoo ya unga kando.

Mama shemasi alikuja kunionya. Alisema bantu banasema nimefuga shetani. Nilimuambia, "Ni ya mutoto wangu." Akaomba maji ya kunywa, akaenda. Hajarudia ile maneno.

Sasa naelewa kidogo. Haikukumbuki, na mimi hainipendi. Inatafuta joto na panya, basi. Jana niliingiza mukono kwa mara ya kwanza. Ilipanda taratibu, ikatulia kwenye kiganja, baridi, laini, bila ubaya wowote. Nikaona kile ulichokuwa unaona wewe, kile nilichokataa kuangalia wakati ulikuwa umesimama mbele yangu, umenyoosha mukono.

Nisamehe, mwanangu. Kama huko uliko kuna kusamehe, nisamehe.

Nitaitunza. Macho ikikuwa nyeupe tena, nitaiacha itulie. Ikiwa na njaa, nitatafuta panya hata kwa bajirani, bacheke bakitaka. Na kuna ahadi nyingine. Tangu tukuzike sijarudi Swima, miguu inakataa. Juma hii nitapanda moto, pikipiki ya abiria, nije. Nitang'oa majani juu yako kwa mikono yangu, nitakaa chini, na sitakuwa na haraka ya kurudi sokoni.

Pumzika, Faida wangu. Mama anakuja.

Mama yako