Lala Kidogo, Nitakuamsha

Kibokoni, Mji wa Kale,
Mombasa.
10 Agosti 2024

Mpendwa shemeji yangu Purity,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kisiwani. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba joto la Doha limeanza kuwahurumia. Ule mguu uliokuwa ukivimba jioni unaendeleaje? Na mama mwenye nyumba unakofanya kazi bado anakupa Ijumaa yako ya kupumzika? Sisi hatujambo kwa neema ya Mungu. Kusi linavuma, asubuhi zina ubaridi kidogo, na Bi Mahfudha wa chini ameanza kuvaa soksi ndani ya ndara, jambo ambalo dada yako alikuwa akilicheka kila mwaka mwezi kama huu.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu ipo. Anakuletea Samuel wa Rabai, anayerudi kazini huko baada ya likizo. Nimejaribu mara nyingi kukurekodia sauti, lakini nikifika katikati nafuta. Kalamu haina haraka. Ikinishinda naiweka chini, natazama dirishani, kisha naendelea.

Nina mambo mawili. La kwanza ni huko kutolala kwako. La pili ni lile swali uliloniuliza kwa simu siku ya mazishi, ulipokuwa umenyimwa ruhusa ya kuja: kama dada yako Mbodze alisema neno lolote mwisho wake. Nilikuambia nitakueleza, kisha nikakukwepa miezi saba. Leo nitakujibu, ila niache nifike polepole.

Nilijua hulali kabla hujaniambia. Saa za kwenu na za kwetu ni sawasawa, na kila nilipofungua simu saa tisa usiku, chini ya jina lako paliandikwa kwamba uko mtandaoni. Nadhani nawe uliniona. Tulikaa hivyo usiku baada ya usiku, kama watu wa vyumba viwili vya jirani wanaosikilizana wakikohoa, na hakuna aliyegonga ukuta.

Halafu wiki iliyopita ukanitumia ule ujumbe. Kwamba ulisinzia ukimwogesha mtoto wa watu, ukazinduka maji ya beseni yamemfika kidevuni. Na mwisho ukasema hakuna mtu anayekwenda hospitali kwa sababu ya kukosa usingizi. Shemeji, mimi nimekwenda. Ndiyo maana nakuandikia.

Tulipotoka Kaloleni kumzika, nilidhani usingizi utarudi wenyewe, kama maji ya mfereji yanavyorudi baada ya kukatwa. Nililala upande wangu wa kitanda, ule wa ukutani. Upande wake niliuacha na mto wake na ile bilauri ya maji aliyokuwa akiifunika kwa kisahani. Usiku wa Mji wa Kale unaujua: njiwa wanahamahama juu ya mabati, tangi la jirani linadondoka, paka wanagombana, kisha kimya kinakuja kizito mpaka unasikia mbao za ghorofa zikijinyoosha. Nililala macho wazi, nikaona nyumba nzima kama imeng'oka na inaelea taratibu, mimi ndani yake peke yangu.

Ilipofika Aprili, mchana na usiku vilikuwa vimechanganyika. Kule Shimanzi kwenye ghala la majani chai, nikiwa juu ya foklifti, nilimwona Mbodze ameketi juu ya magunia anachambua mchicha. Sikuogopa. Nilipunguza mwendo nisimkanyagie sinia. Nilipopepesa macho, magunia yalikuwa magunia.

Jioni nilikuwa sitaki kupanda ngazi. Unamkumbuka Zakariya, muuza kahawa wa pale kona, mwenye dele kubwa la shaba? Baada ya msiba alinisogezea nafasi kwenye baraza yake. Mimi Mmaragoli wa kanisani nikawa nakaa kati ya wazee wenye kofia za kutunga, tukizungumza habari za meli, za mpira, za nani amemwoza nani, na yeye akinijazia kikombe kila nikikirudisha. Walinifariji sana watu wale. Nilikuwa nikiondoka saa nne, wakati mwingine saa tano, nikapanda kwenda kutazama dari.

Bi Mahfudha alikuwa akinisikia nikitembea juu ya kichwa chake. Siku moja alinisimamisha mlangoni. "Joab, mato yako yamekuwa mekundu kama ya mtu wa tanuri. Huko juu watafuta nini usiku kucha?"

Nikamwambia natafuta usingizi.

"Basi mwanangu, haumo humo. Ungekuwamo ungeuona zamani, umekipima chumba chote kwa maguu." Tulicheka wote wawili, lakini alinishika mkono akanitazama kwa muda mrefu.

Nikaenda duka la dawa nikanunua vidonge vya mafua, kwa kuwa nilisikia vinaleta usingizi. Vilileta uzito tu. Nilikuwa nalala kama gunia kwa muda wa saa mbili, naamka kinywa kikavu, na mchana mzima kichwa kimejaa pamba. Kimoja kikawa viwili, viwili vikawa vitatu. Sikumwambia mtu.

Juni ndipo likatokea lililotokea. Nilikuwa nasogea mbele na mzigo. Sikufumba macho, naweza kuapa, lakini kuna kipande cha wakati ambacho sikuwa nacho. Niliposhtuka, Odera, mpakiaji mwenzangu, alikuwa amebanwa kati ya mzigo wangu na ukuta, amejikunja, na nafasi iliyobaki haikutosha kiganja. Kelele za watu ndizo zilizonisimamisha. Alitoka amechubuka bega tu. Alijipangusa, akasema, "Mzee Joab, ulitaka unifunge na majani chai unipeleke Pakistani?" Wenzetu wakacheka. Mimi nilishuka nikakaa chini. Odera akaja akachutama karibu nami, akaongea taratibu, bila mzaha: "Nina watoto wanne, kaka. Nenda uonwe. Usipoenda, mimi mwenyewe nitakwenda kwa msimamizi."

Nilikwenda kesho yake asubuhi, kituo cha afya cha serikali. Nilipokuwa kwenye foleni niliona aibu, maana kila mtu alikuwa na ugonjwa wa kuonekana. Daktari aliyenipokea anaitwa Sheryl, umri wake ni kama wa Nekesa, binti wa ndugu yangu, nikafikiri huyu binti nitamwambia nini. Lakini alikuwa na subira. Alipima presha, akanitoa damu, akauliza kama nakoroma, kama nazinduka nikitafuta pumzi, kama miguu inanisumbua kitandani.

Kisha akauliza, "Unakunywa kahawa?"

Nikajibu hapana. Na sikuwa nadanganya, shemeji. Kwetu bara kahawa ni ile ya kikombe kikubwa na maziwa. Ile ya Zakariya mimi niliihesabu kuwa ni mazungumzo.

"Hata ile ya barazani?"

"Ile kidogo tu, daktari. Kikombe chenyewe ni kama kizibo."

"Vizibo vingapi?"

Nikaanza kuhesabu kwa vidole. Mkono mmoja ukaisha, nikaingia wa pili. Aliuma midomo asicheke, nami nikacheka kwanza ili kumsaidia.

Alinikataza vile vidonge vya mafua, akasema nisinywe kidonge chochote cha kuletea usingizi bila kuonwa, wala dawa ya mtu mwingine. Hakuniandikia dawa siku ile. Akaniuliza kama kuna usiku ambao nimetamani nisiamke kabisa. Nilitazama dirisha. Nikamwambia mara mbili. Hakushtuka, wala hakunihubiria. Aliniuliza taratibu kama ni sasa, kama nina mtu wa kumwita, akaandika namba ya simu kwa herufi kubwa.

Halafu akauliza lilianza lini hasa, usiku gani. Hapo ndipo nilipomwambia jambo ambalo sijamwambia mtu, na ambalo ni jibu la swali lako.

Unajua tulimtoa wodini kwa sababu ile saratani ilikuwa haina tena la kufanywa, naye alitaka chumba chake. Bi Mahfudha alikaa naye mchana, mimi usiku. Nilikesha usiku nane. Usiku wa tisa aliniona nikiyumba juu ya kiti. Akasema, "Joab, lala kidogo. Nitakuamsha."

Hilo ndilo neno lake la mwisho, Purity. Hakuna jingine nililosikia.

Nikajilaza kinyume, kichwa changu upande wa miguu yake, nisimbane. Nilipozinduka kulikuwa kumekucha. Alikuwa ameshaondoka. Mkono wake ulikuwa juu ya mguu wangu, na ulikuwa umeanza kupoa.

Unajua vile alivyokuwa akiamsha watu. Miaka ishirini na moja hakuwahi kuniita jina alfajiri. Alikuwa anavuta kidole gumba cha mguu. Basi tangu asubuhi ile nimekuwa nikijiuliza kama alinivuta, akanivuta tena, nami sikusikia. Kila nikitaka kupitiwa na usingizi, mguu wangu unashtuka wenyewe, kama umeitwa.

Daktari aliweka kalamu chini. Kisha akauliza, "Alikuambia ulale?"

"Ndiyo."

"Nawe ulimtii." Alinisogezea karatasi ya kujifuta, akangoja.

Aliniambia sikupaswa kungoja miezi yote hiyo. Mtu akikosa usingizi mara tatu au zaidi kwa wiki, na hali hiyo ikapita mwezi, aende akaonwe, hata kama anajua sababu ni msiba. Akianza kusinzia kazini au barabarani, au akiwa na mtoto mkononi, asingoje huo mwezi. Na yale mawazo ya kutotaka kuamka yakija, aende siku hiyohiyo, au amwamshe mtu ampeleke. Nimekuandikia kama alivyosema, maana nilihisi sehemu nyingine alikuwa anakusema wewe bila kukujua.

Sasa nakunywa kahawa asubuhi tu. Jioni Zakariya ananipa chai ya tangawizi bila majani, na huwatangazia wazee kwamba mteja wake ameachishwa ziwa. Msimamizi alinitoa kwenye foklifti kwa muda, nashona midomo ya magunia. Naamka saa kumi na moja na nusu kila siku, hata nikiwa nimelala saa mbili tu, na sijilazi tena mchana. Simu nailaza jikoni. Nikikosa usingizi sibaki kitandani kubishana nao. Naamka, nakaa kwenye kiti cha ukindu cha Mbodze karibu na dirisha, taa ndogo, napanga vifungo vya lile kopo lake la kushonea, vyeupe kwa vyeupe, mpaka macho yawe mazito, ndipo narudi. Alhamisi naenda kuzungumza na mshauri hapo hapo kituoni. Wiki za kwanza zilikuwa mbaya kuliko zile za nyuma, nisikufiche. Nilitaka kuacha. Sasa ni wiki ya saba, na usiku mara nne kwa wiki nalala mpaka karibu na adhana.

Jumapili iliyopita nikamwota. Miezi yote sikuwa nimemwota, maana mtu asiyelala ataotea wapi. Tulikuwa nyumba yetu ya zamani ya Buxton kabla haijabomolewa, ukutani ile rangi ya maziwa, naye amesimama mguuni pa kitanda ana kanga yake ya kahawia, mikono ina unga. Akanivuta kidole. Nikaamka mara moja, saa yangu ya kuamka imepita, jua limeingia chumbani, na kidole kinauma.

Nimelifikiria hilo wiki nzima. Wewe ndiye mtu mwingine pekee aliyewahi kuamshwa vile. Mlilala mkeka mmoja Kaloleni, na Mbodze alinisimulia ulivyokuwa ukilia asubuhi za shule, ukimshtaki kwa mama kwamba atakung'oa kidole. Basi nakuuliza wewe, maana siwezi kumuuliza mwingine. Hata alipokuwa amebakiwa na nguvu kidogo, je, mtu anaweza kuvutwa na Mbodze akaendelea kulala? Au aliuweka mkono pale tu, akaniacha?

Niambie unavyoamini, hata kama ni jibu ambalo sitalipenda. Lakini kwanza mwambie mama mwenye nyumba ile habari ya beseni, mtoto aogeshwe na mwingine kwa sasa, na Ijumaa hii uende ukaonwe. Ukiona vigumu kusema, mwonyeshe barua hii Zilpah unayekaa naye chumba kimoja, akusindikize. Ukishatoka kwa daktari, ndipo unijibu. Usinijibu saa tisa usiku, sitaiona, simu iko jikoni. Nijibu mchana.

Kitsao kaka yako anakusalimu sana, mbuzi wake amezaa mapacha. Nekesa anafanya mitihani yake kule Voi na anasema shangazi yenu bado anamwuliza utaolewa lini, nawe ujipange. Bi Mahfudha, Zakariya na Odera, ambaye bega limepona, wote wanakupa salamu. Nisalimie Zilpah.

Mungu akufunike usiku na akufunue asubuhi ukiwa na nguvu. Nami nakupa lile neno nililopewa, kwa kuwa lilikuwa la dada yako kabla halijawa langu: lala kidogo.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye na kukungoja,

Joab