Mguu wa Mbele

Obertal, Januari 9, 1994

Kwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na ng'ombe, na hilo sikio lako. Mimi sijambo, ila baridi ya huku inauma kuliko ya kwetu Ulten.

Najua hukutarajia kuona mwandiko wangu. Sitaki tuanze upya yale ya majira mawili ya baridi yaliyopita. Ulisema goti langu la kushoto limekwisha, na kama nang'ang'ania ubao wa theluji basi nitangulize mguu wa kulia ili la kushoto lipumzike nyuma, au niache kabisa. Nikasema mguu ni wangu. Nikaondoka bila kuaga. Yameisha hayo, au hayajaisha, mimi sijui.

Nakuandikia kwa sababu ya buti. Zile ngumu, za plastiki, ulizonitengenezea wewe. Soli zimepasuka zote mbili na vipande vya kuinulia mguu vimechakaa. Nimezituma kwa posta. Mafundi wa huku wanachojua ni kuniuzia mpya, na mpya nitanunua na nini? Nalala darini kwa Bibi Plangger, juu ya zizi, magodoro yamepangwa mstari mmoja na wageni tumelala kama mikate kwenye tanuri. Nusu ya malipo ya kulala ni kumenya viazi. Ndiyo pahali rahisi kuliko pote nilipolala msimu huu, na ng'ombe wa chini wanatupasha joto, kwa hiyo silalamiki.

Februari 6 kuna mashindano hapa ya kuchagua timu ya mkoa. Kama unaweza kuniwahishia, nitashukuru. Kama huwezi, nitaelewa.

Binti yako,
Burgi

*

Ulten, Januari 20, 1994

Burgi mwanangu, mwanangu!

Marahaba, marahaba! Afya yangu ni kama mtumbwi unaopigwa makasia kinyumenyume, lakini naenda. Sikio la kulia limeshakufa na la kushoto linamfuata mwenzake, ndiyo maana simu za watu sizitaki. Macho yangu lakini mazima, na hayo macho ndiyo yaliyonipa furaha.

Ungeniambia tu, wewe mtoto! Juzi mama wa duka la mkate kaingia karakanani na gazeti. "Kassian, huyu si binti yako?" Nikatazama. Namba 8 kifuani, umejilaza mpaka mkono unachota theluji, na mguu wa mbele ni wa kulia. Wa kulia! Nikavaa miwani. Nikaenda dirishani kwenye mwanga. Wa kulia. Ikabidi nikae kwenye kiti cha wateja.

Kumbe ulinisikia! Muda wote huu nimekuwa nikisema mtoto huyu ana kichwa cha mbuzi, kumbe ulinifuata, ila uliona haya kuniambia. Haya hizo umezirithi kwangu, si kwa marehemu mama yako. Sasa nalala usingizi. Nilikuwa nikiota goti lako, unajua hilo? Naliota likikatika.

Buti nimezitengeneza kwa mguu wako mpya. Ya kulia nimeiinua upande wa vidole, maana sasa ndiyo ya mbele, na ya kushoto nimeiinua kisigino. Vipande vya kuinulia nimevigundisha, nikavipiga na skrubu, hata ukivuta kwa trekta havitoki. Malipo sitaki, usinitukane. Ndani ya buti ya kushoto nimekutilia speki, nyama ya nguruwe niliyoikausha kwa moshi mwenyewe, na mkate mkavu. Ndani ya kulia kuna ile picha ya gazeti, ujione mwenyewe ulivyopendeza.

Baba yako anayekupenda. (Nacheka mwenyewe. Neno hili sijaliandika tangu tumzike mama yako.)

*

Obertal, Januari 26, 1994
(Barua hii haikufika posta siku hiyo.)

Baba,

Shikamoo. Buti zimefika. Speki imeliwa na dari nzima kabla sijatia kipande mdomoni.

Barua yako nimeisoma na kuirudia, sielewi unafurahia nini. Mguu mpya upi? Nilidhani umepata barua ya mtoto wa mtu mwingine. Nikavaa buti, nikasimama, nikahisi nimevaa miguu ya jirani, kila kitu kiko upande ambao siko. Ndipo nikatoa ile picha.

Baba, picha imegeuzwa. Waliochapa gazeti waliiweka filamu kinyume, kulia ikawa kushoto. Namba 8 hata ukiigeuza inabaki 8, ndiyo maana hukushtuka. Mimi natanguliza kushoto kama siku zote. Niliwahi kujaribu kulia asubuhi moja, nikawa kama ndama anayezaliwa. Goti nalifunga vizuri, daktari analiangalia, haliumi. Ila sikukusikiliza. Sikuwahi kukusikiliza.

Sasa niandike nini tena? Umesema unalala usingizi. Umeandika

*

Obertal, Januari 26, 1994

Baba mpendwa,

Shikamoo. Buti zimefika salama, zimenikaa vizuri sana. Ndiyo, ni mguu wa kulia kama ulivyoona. Nilitaka iwe siri mpaka mashindano yaishe. Speki ilikuwa tamu mno. Samahani kwa ufupi, viazi vinaningoja.

Binti yako anayekupenda pia,
Burgi

*

Ulten, Januari 30, 1994

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mistari hiyo ndiyo barua? Umeanza kuwa kama mimi, Mungu akusaidie.

Sasa sikiliza. Nakuja. Usianze kubisha, nimeshaongea na Filomena wa jirani, atakamua ng'ombe. Nataka nikuone kwa macho yangu unashuka na mguu huo. Nimenunua tiketi ya treni, na kutoka stesheni kuna basi la posta. Kofia yangu ya kijani nimeipiga brashi hadi imekuwa kama ya harusi.

Niulizie kwa huyo Bibi Plangger kama ana godoro la usiku wa Jumapili. La bei ya chini, pembeni ya anayekoroma kuliko wote. Mimi sisikii.

Baba yako

*

Obertal, Februari 2, 1994

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima.

Nimefurahi, lakini nadhani usije. Theluji ni nyingi na barabara mbaya. Magodoro yamejaa. Darini kuna mafua, tunaambukizana wote. Halafu nasikia huenda mashindano yakaahirishwa, ingawa hakuna aliyesema rasmi. Na hiyo miguu yako ya uzee, kusimama kwenye theluji asubuhi nzima? Njoo masika, tukae vizuri. Nakuomba.

Binti yako,
Burgi

*

Ulten, Februari 4, 1994

Burgi,

Yako imefika nikifunga begi. Mafua nishayaugua mengi. Godoro likikosekana nitalala chini na ng'ombe, wale tunaelewana. Ati usije! Naona unaogopa nitakutia wasiwasi. Haya, sitakutafuta kabla hujashuka. Nitasimama kando ya wavu, pale penye mteremko mkali ambapo mtu anaonekana kama anajua au hajui. Tutaonana ukimaliza.

Baba

*

Obertal, Februari 8, 1994

Baba,

Shikamoo. Sijui kama utaifungua barua hii au utawashia jiko. Fungua, nakuomba, halafu uwashie.

Nilikuona. Kofia ya kijani pale juu kwenye wavu, peke yake, theluji inakuangukia. Na wewe ukaniona, na mguu wangu wa kushoto mbele.

Nilikudanganya. Tangu ile barua yako ya furaha mimi sijielewi. Nimekuwekea humu barua niliyoanza siku ile nikashindwa kuimaliza, ndiyo yenye ukweli. Picha ya gazeti iligeuzwa, Baba. Ishike mbele ya kioo utaona. Nilitaka kukwambia, lakini ulikuwa umefurahi, na mimi sikukumbuka mara ya mwisho kukufurahisha. Nikasema ngoja, kidogo tu.

Bibi Plangger alinikuta jikoni naving'oa vile vipande vyako vya kuinulia mguu kwa kisu cha kuchinjia nguruwe. Akauliza, "Unamuua nani wewe?" Nikamwambia, "Baba yangu." Akacheka, akadhani utani. Kisha akaona machozi, akaniletea patasi ya marehemu mumewe na kunishikia buti. Ulipiga skrubu nyingi, Baba! Tulitoa jasho.

Siku yenyewe, pale juu, nilikuwa bado sijaamua. Nilifikiri nigeuze ubao, nitangulize kulia, nianguke mbele yako, angalau uone nimeanguka kwa mguu unaoutaka. Nakwambia kweli, nilikuwa nimeshaanza kulegeza vifungo. Msichana niliyekuwa nashindana naye, wa njia ya pili, akaniuliza kama naumwa. Nikasema ndiyo. Halafu lango likafunguka, na mguu ukafanya unachokijua.

Kila raundi nilipita mbele yako. Nilikuwa na jaketi la njano la kuazima, langu lilichanika. Raundi ya mwisho glavu ilinitoka palepale kwenye mteremko mkali, nikamaliza mkono mtupu ukisugua theluji. Nimekuwa wa tatu. Wamenichukua kwenye timu.

Nikavua helmeti, nikatazama juu. Bado ulikuwa pale. Nikakupungia. Na wewe ukanigeuzia mgongo.

Sikutazama tena. Watu walinipiga mabegani, mimi nalia, wakasema ona furaha. Nilipopata nguvu ya kupanda hadi pale uliposimama ulikuwa umeondoka. Godoro lako nilikuwa nimelitandika. Mpaka leo limetandikwa, Bibi Plangger hataki kulipangisha.

Sikuombi uupende mguu wangu. Lakini kunigeuzia mgongo, Baba, mbele ya watu wote, baada ya kusafiri kote huko. Sielewi. Ungenitukana ningeelewa.

Burgi

*

Ulten, Februari 13, 1994

Burgi mwanangu,

Salamu. Mimi si mzima wala si mgonjwa, nipo tu. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, nikaenda nayo zizini nikaisoma tena. Kisha nikaenda kwenye kioo cha kunyolea na ile picha, maana Filomena naye ana nakala. Ni kweli. Mguu wa kushoto, na kile kichwa chako ulivyokiinamisha. Fundi viatu mzima nimedanganywa na gazeti!

Sasa na mimi nikwambie, maana nimerudi nyumbani na hasira ya bure siku zote hizi. Mimi sikukuona.

Usikasirike kwanza. Nilifika na basi la asubuhi, nikasimama nilipokuahidi. Theluji inaanguka, wote mna helmeti na miwani, kipaza sauti kinabweka lakini kwangu ni kelele tu. Namba yako ya siku hiyo sikuijua. Nikasema haina shida, nitamjua kwa mguu. Nikamngoja msichana atakayeshuka na mguu wa kulia mbele. Walikuja wachache, mmoja mrefu kama mlingoti, mwingine kibonge, si wewe. Nikaendelea kungoja. Sikuthubutu kumuuliza mtu. Ningeulizaje, baba asiyemjua mwanawe? Wakakunja wavu, mimi nipo. Nikakumbuka uliniandikia nisije. Nikasema, basi, kajificha, hataki nimwone. Nikashuka kwa njia ya nyuma nikapanda basi, na njiani nikakutukana sana, Mungu anisamehe.

Goti bado naliogopa. Nitaliogopa mpaka nife, usinizuie. Lakini mguu ni wako. Ukipata nafasi lete buti, hiyo kazi ya patasi na kisu cha nguruwe naijua itakuwaje, ni aibu kwa karakana yangu. Nitaziweka sawa kwa kushoto. Na mpe Bibi Plangger shukrani zangu, mwambie apangishe godoro, asipate hasara kwa ajili yangu.

Kuna jambo moja halinitoki. Kati ya walioshuka kulikuwa na mmoja wa jaketi la njano. Kila akipita nilisahau baridi. Ile raundi glavu ilipomtoka, akaendelea vilevile, mkono mtupu, hata hakuyumba, nilipiga makofi mpaka mzee wa pembeni akanisogelea sikioni akapiga kelele, "Ni binti yako?"

Nikamwambia hapana. Wangu hutanguliza kulia.

Alipofika chini akavua helmeti. Ni mbali, na theluji, sura sikuiona. Akatazama juu akapunga mkono, akapunga kweli kweli. Nikageuka nione ni nani huyo anayepungiwa hivyo. Nyuma yangu hapakuwa na mtu.

Baba yako